Chapati ya ng'ombe katika soko la Warwick

Saa mbili kasoro asubuhi, Jumamosi, akina mama wa mahindi pale Warwick Junction, Durban, wameshawasha kuni chini ya mapipa yao. Moshi unavuka barabara na kuwapiga watu usoni. Clementina Mwakalinga anasimama katikati ya moshi huo kama mtu anayengoja basi.

Kiwiko chake kimeshikwa na msichana mwembamba aliyevaa sweta ya rangi ya manjano iliyofungwa vifungo vyote hadi shingoni. Mkono wa pili wa msichana una fimbo nyeupe. Anavuta pumzi mara moja tu.

"Ujjwala," anasema. "Gesi ya kupikia kwa wanawake wa kaya maskini. Elfu mbili kumi na sita. Wizara ya mafuta na gesi."

"Tusonge," anasema Clementina.

Wawili hao huzungumza Kiingereza, lakini neno hilo moja msichana ameshalizoea kwa Kiswahili.

Jina lake ni Vaidehi Deshpande, ana miaka ishirini na saba, na anatoka Nagpur, India. Jumanne ijayo atapanda ndege kurudi kwao kufanya mtihani wa kuingia utumishi wa umma. Clementina ndiye msomaji wake. Kazi hiyo ni ya kukodiwa, kama mtu anavyokodiwa kufua au kulea mtoto: anamsomea kwa sauti magazeti na vitabu vya matukio ya sasa ya India, na hasa mipango ya serikali, ambayo ni mingi na inafanana.

"Karibu yote inaanza na jina la cheo cha waziri mkuu," anasema Clementina. "Ni kama kufika kijijini ukakuta watu wote wana ukoo mmoja. Utamjuaje Fulani na Fulani?"

Clementina ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa Tukuyu, akasoma hadi kidato cha nne, na akaja Durban kumfuata mumewe, Ephraim, anayeendesha foklifti katika kiwanda kimoja huko Pinetown. Kazi yake ya siku zote ni ususi. Ana kiti chake karibu na stendi ya taxi, ambazo ndizo daladala za huku, na wateja wake wengi ni wasichana wa dukani ambao hawataki kukaa muda mrefu.

Kazi ya kusoma ilikuja kwa njia ya Ephraim. Baba yake Vaidehi ni mhandisi wa mkataba kiwandani hapo. Siku moja alimwuliza Ephraim kama anamfahamu mtu anayeweza kusoma Kiingereza kwa sauti bila kukimbia. Ephraim akamjibu kwamba mke wake husoma somo kanisani kila Jumapili na hajawahi kukimbia.

"Nilipofika nilipewa ukurasa mmoja wa bajeti nisome," anakumbuka Clementina. "Sikuelewa hata nusu. Lakini nilisoma mpaka nukta ya mwisho. Yule binti akacheka, akasema, huyu huyu."

Familia hiyo inaishi ghorofa ya kumi na moja huko South Beach. Clementina hufika saa nane mchana, huvua viatu mlangoni, na hupewa chai yenye tangawizi nyingi kabla hajafungua kitabu. Kwa mchana mmoja hulipwa randi mia na hamsini, ambazo huingia moja kwa moja kwenye ada ya binti yake wa mwisho.

Vaidehi alipoteza uwezo wa kuona polepole, kwa ugonjwa wa macho wa kurithi, na alipotimiza miaka kumi na tisa ilikuwa imebaki nuru tu. Simu yake inajua kusoma, na huitumia sana. Lakini ikikutana na majedwali huyavuruga.

"Na simu haijui kama nimechoka," anasema Vaidehi. "Anti akisikia nimenyamaza, anasimama, ananiuliza, umeshika au umelala?"

Mtihani huo ameshaufanya mara mbili, na mara zote mbili ameanguka katika karatasi ya kwanza. Mara ya pili alichanganya mipango: mwaka wa huu akaupa ule, wizara ya ule akaipa huu. Baba yake amesema hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Akikosa, ataingia katika duka la vitambaa la mjomba wake huko Nagpur, apokee simu.

"Mjomba ni mtu mwema," anasema Vaidehi. "Ila mimi sitaki kupokea simu."

Sokoni walianza kwenda bila kupanga. Siku hiyo Clementina alikuwa ameahidi kumpeleka kununua ndizi mbivu. Walipopita kwenye moshi wa mahindi, Vaidehi akakohoa, akasema, "Hawa ndio wangepewa Ujjwala." Jioni yake, alipoulizwa, alijibu mpango huo wote bila kujikwaa hata mahali pamoja.

Clementina akaona njia. Akaanza kuupa kila mpango kituo chake. Ule wa maduka ya dawa za bei nafuu akauweka kwa wauza mitishamba, penye harufu ya magome na mizizi. Ule wa maji ya bomba vijijini ukakaa kwenye bomba ambapo akina mama huosha mchicha. Akaunti za benki za watu wa chini zikakaa kwenye roboti, yaani taa za barabarani, makonda wa taxi wanapochezesha sarafu mkononi.

Mikopo ya wachuuzi wa barabarani ilikwenda kwenye meza ya Marie-Louise, Mkongomani wa Bukavu anayeuza vifuniko vya simu na ambaye redio yake haizimwi.

"Mama Clementina, leo ule mutoto anasema mimi ni nini?" anauliza Marie-Louise, bila kuinua macho kutoka kwenye simu anayoibandika kioo.

"Wewe ni mkopo. Bila dhamana."

"Basi munipatie. Niko hapa."

"Ni wa India tu, dada."

"Eish. Kila samedi, kila Jumamosi, munapitisha mukopo mbele yangu na hamuniachie hata kidogo. Mwambie, akikuwa serikali, mi niko tayari kuhamia Inde."

Clementina anatafsiri. Vaidehi anacheka, kisha anataja kiwango cha mkopo wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Kosa lilitokea kwenye mpango wa ng'ombe.

India ina mpango wa kuendeleza ng'ombe wa asili na kuongeza maziwa. Clementina alipofikiri harufu gani inafaa, hakupata shida. Kule kwenye vibanda vinavyopika vichwa vya ng'ombe, mvuke ni mzito na haufanani na kitu kingine. Akamsimamisha Vaidehi pale, akamwambia, "Hapa ni kwa ng'ombe." Vaidehi akaitikia. Wiki zilizofuata, hicho ndicho kituo alichojibu vizuri kuliko vyote.

Clementina alijua kwamba nyumba ile hawali nyama. Hilo hakulisahau. "Nilidhani ameelewa na amevumilia, kwa ajili ya mtihani," anasema. "Kwetu ukisema ng'ombe yuko sokoni, mtu anauliza kilo shilingi ngapi. Haulizi kama analala au amesimama."

Kwa Vaidehi, maneno hayohayo yalikuwa na picha nyingine. Nagpur alikokulia, ng'ombe kusimama sokoni si habari. Bibi yake alikuwa akitoa chapati ya kwanza ya kila siku na kumpa ng'ombe aliyepita mlangoni. Basi yeye aliamini kuna ng'ombe wamefungwa pale, labda wawili au watatu, na kwamba mvuke ule ni wa chakula chao.

Jumamosi moja mwezi wa nne alikuja na chapati, imekunjwa katika karatasi ya foili, bado ya moto. Walipofika kwenye vibanda alitoa mpango wote, wizara na lengo. Kisha akafungua foili, akanyoosha mkono.

"Anti, ng'ombe yuko upande gani?"

Clementina anasema mpishi wa Kizulu aliyekuwa mbele yao alishusha kifuniko cha sufuria taratibu, kana kwamba alijua Kiingereza kile kilikuwa na uzito gani.

"Ningeweza kumdanganya," anasema. "Ningesema wamepelekwa malishoni. Lakini mtu anayekuazima macho yako, ukimwongopea mara moja, umemfanya kipofu mara ya pili."

Akamwambia. Vaidehi alifunga chapati yake, akaiweka mfukoni mwa sweta, na wakarudi South Beach. Jioni mama yake, Bi Sunanda, alipiga simu. Hakugomba. Alisema tu kwamba Clementina asije kwanza.

Wiki sita zilikuwa zimebaki kabla ya mtihani.

Clementina alirudi kwenye kiti chake cha ususi. Marie-Louise hakumwachia. "Mutoto wa batu hawale nyama, wewe unamuchukua, unamusimamisha kwenye kichwa ya ngombe, unamuambia pumua? Mama, hata shetani angeuliza mbele ya kufanya."

"Nimekusikia."

"Bado. Nitakuambia tena kesho."

Baada ya siku chache Clementina alifanya jambo ambalo wauzaji bado wanalitania. Alimwomba Marie-Louise amshike mkono, akafumba macho, na wakalizunguka soko lote, yeye akinusa tu. Alikuwa anamtafutia ng'ombe mahali pengine. Alimpata kwa mama mmoja anayeuza maziwa mgando, ambayo Wazulu huyaita amasi, katika ndoo nyeupe zenye vifuniko. Harufu yake ni chachu na ya baridi. Na maziwa ndiyo unayoyataka mpango wenyewe.

Alinunua chupa moja, akapanda hadi ghorofa ya kumi na moja, akavua viatu, akaeleza. Bi Sunanda alifungua chupa, akanusa, akaondoka nayo kwenda kwa binti yake chumbani. Walikaa huko kitambo. Vaidehi alitoka ameivaa sweta yake.

"Hii ni kama ya bibi," alisema. "Ila siwezi kukuahidi kwamba ile harufu nyingine itatoka."

Haijatoka. Vaidehi anakiri kwamba akisikia neno ng'ombe, mvuke ule huja kwanza, na maziwa hufuata. "Inaniuma," anasema. "Lakini jibu halipotei. Nimeamua kukaa navyo vyote viwili."

Leo wanazunguka mara ya mwisho, na wanapita upande wa pili wa barabara, mbali na vibanda vya vichwa. Kwenye ndoo za amasi Vaidehi anatoa jibu lake, kisha anatoa foili mfukoni. Safari hii anaiweka mkononi mwa Clementina.

"Mpe ng'ombe yeyote, aliye hai."

"Durban hii, binti?"

"Mtafute. Wewe ndiye mwenye macho."

Mtihani ni Jumapili ya wiki ijayo, saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za India, yaani saa kumi na mbili alfajiri hapa Durban. Binamu yake Vaidehi ndiye atakayeshika kalamu na kumwandikia majibu. Clementina ameshaomba kanisani abadilishiwe zamu, asome ibada ya pili. Ya kwanza hatakuwepo. Atakuwa Warwick, akipita kituo kimoja baada ya kingine kwa utaratibu uleule: moshi, mitishamba, bomba, roboti, meza ya Marie-Louise, ndoo za maziwa.

"Najua haimsaidii kitu," anasema. "Lakini tumezoea kutembea wawili."

Vaidehi akifaulu au akianguka, kazi ya kusoma itakwisha, na Clementina hana nyingine ya kushika nafasi yake. Anasema ada ya mtoto ataitafuta kwenye nywele, kama zamani. Duka la mjomba hataki kulisikia.

Baada ya ibada, Ephraim atamchukua hadi kupita Pinetown, mahali alipowahi kuona ng'ombe wakichungwa kando ya barabara. Ile chapati ya leo itakuwa imekauka kufikia siku hiyo, kwa hiyo atapika nyingine alfajiri, kabla hajatoka.

"Ya kwanza kutoka kwenye kikaango," anasema Clementina. "Ephraim asiiguse. Hiyo ina mwenyewe."