Jina Letu na la Watu wa Bungu

Jina la ukoo wetu limezagaa. Ukishuka Kabuku utalikuta limeandikwa kwa rangi juu ya duka la mbolea na ubavuni mwa mashine ya kusaga. Nilipokuwa nasoma Korogwe, darasani tuliitika wanne kwa jina hilo, na hakuna aliyejua mwenzake katokea wapi. Baba aliupenda wingi huo. Akilisikia redioni kwenye matangazo ya vifo, alisema, "Mwenzetu huyo," hata kama marehemu hamjui.

Kwa hiyo dada yangu alipoposwa na mwalimu wa Bungu, huko milimani, mwenye jina hilohilo, baba alikataa papo hapo.

"Huyo ni kaka yako."

"Shehe anasema dini haikatazi, baba."

"Shehe si wa ukoo huu."

Watu wa Bungu wakaja Sindeni hata hivyo: mshenga, pamoja na baba mkubwa wa yule mwalimu, mzee mwenye koti zito la baridi ya kwao huku jua letu likiunguza. Mama akawaandalia chai na mihogo. Baba hakuwauliza hata habari za safari. Akawaeleza kwamba sisi na wao ni ndugu, na ndugu hawaoani.

Yule mzee alimsikiliza mpaka mwisho huku akijifuta jasho.

"Undugu gani?" akasema. "Babu yenu alikuja kukata mkonge hana hata pa kulala. Babu yangu akamkaribisha kambini, wakawa wanakula chungu kimoja. Wanyapara wakazoea kumwita kwa jina la mwenyeji wake, naye akanyamaza, akalibeba. Hamna damu yetu hata tone. Waacheni watoto waoane."

Alikuwa ametufungulia njia ya harusi na kututukana kwa wakati mmoja. Nami nilitamani kumvua lile koti na kulitupa barabarani.

Baba akasimama. "Tokeni kwangu."

Ndipo shangazi, dada mkubwa wa baba, akasema kutoka mlangoni, "Anasema kweli. Baba yetu aliniambia mwenyewe nilipokuwa namuuguza."

Baba mdogo, aliyekuwa amekaa kando ya baba, akalipiga teke sinia la chai, vikombe vikatawanyika. Akamwita shangazi msaliti. Mshenga alijaribu kutuliza mambo, hakuna aliyemsikia. Katikati ya kelele hizo dada akaja akasimama mbele ya baba.

"Kwa hiyo ni ndugu yangu au si ndugu yangu?"

Baba alikuwa amebanwa. Akikubali si ndugu, amekubali pia kwamba jina aliloringia maisha yake yote lilitoka kambini. Akasema, "Nenda kaolewe. Lakini hilo jina utakuwa umelipata kwao, si kwangu."

Harusi ilifanyika Korogwe, kwa shangazi. Baba hakuja, na tangu siku hiyo hajazungumza na dada yake huyo. Mimi nilikwenda. Tulipomsindikiza bibi harusi Bungu, mmoja wa shemeji zake alimnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Hawa ndio wale wa jina la kuazima." Nikamshika ukosi wa shati. Wazee wakatutenganisha, wakanilaumu mimi kwa kuharibu shughuli ya watu. Mpaka leo nikipanda huko napewa chakula na kiti, sipewi mazungumzo.

Mwaka jana dada alimleta mtoto wake Sindeni. Baba aliwaona kwa mbali wakishuka kwenye bodaboda, akachukua jembe akaenda shamba, wakati palizi ilikwisha siku nyingi. Dada alingoja. Mama alimbeba mjukuu, akamwimbia Kizigua, akimtoa mgongoni na kumpakata mapajani mpaka jua likapungua, ndipo dada akaondoka.

Baba aliporudi alinawa mikono, akakaa.

"Mtoto ana afya?"

"Ungemtazama mwenyewe," mama akamjibu, akamwekea ugali na kuingia ndani. Baba alikula peke yake.