Msusi na Dawa ya Dada Yake

Watu walimwita Vidole kwa sababu alisuka nywele nyembamba kama uzi bila mteja kuhisi maumivu. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na ushee, mcheshi, na saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu na benchi lisilokosa wapiga soga.

Mwaka mmoja vidole vikaanza kumgomea. Akiamka vimevimba na kukakamaa, hata kufungua chupa ya mafuta kulimshinda mpaka jua likolee. Hakuhitaji kupiga ramli. Dada yake, mshonaji wa sare za shule, aliugua hivyo hivyo miaka ya nyuma, na mama yao alizeeka na viganja vilivyopinda. Daktari alipima damu akathibitisha: baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Akamwandikia vidonge vile vile vya dada, vya kumeza mara moja kwa wiki.

"Mimi vilinirudisha kwenye cherehani," dada alimwambia. "Vuta subira tu."

Msusi akavuta subira. Miezi ikapita, uvimbe uko pale pale, na wateja wa misuko midogo wakaanza kuhamia kwingine. Ndipo dada akatokea na begi lake.

"Wewe humezi."

"Nameza, dada."

"Mtu aliyekuwa anaficha dawa ya malaria chini ya godoro! Nakujua mimi."

Akahamia. Kila siku ya dawa alisimama mikono kiunoni, akamwamuru afungue mdomo na kuinua ulimi, kama askari anayekagua mahabusu. Mara ya kwanza msusi alicheka. Baadaye alilia, maana kuumwa ni kubaya, na kuumwa huku unaitwa mwongo ni kubaya zaidi.

Kliniki walikwenda wote wawili. Daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alisikiliza jinsi dada anavyomsimamia kumeza, kisha akabonyeza vifundo kimoja kimoja.

"Anameza huyu," alisema. "Dawa ndiyo haijamkubali."

"Daktari, sisi ni tumbo moja!" dada alipinga.

"Tumbo moja, lakini kila mmoja alirithi mchanganyiko wake. Vinasaba vinavyoongeza hatari ya ugonjwa huu huenda mmepata wote. Vile vinavyochangia jinsi mwili unavyoitumia dawa, huenda mmetofautiana. Na si vinasaba peke yake. Kipimo cha kutuambia mapema dawa ipi itamfaa nani, bado hatuna. Tunajaribu, tunapima, tunabadilisha. Sasa nitamwandikia sindano za kujichoma nyumbani."

Nyumbani dada alikunja nguo zake akazitia kwenye begi, kisha akazitoa tena.

"Nitakaa mpaka uzoee hizo sindano," alisema. Neno samahani halikumtoka, na mdogo wake hakulidai.

Sindano zilimkubali. Baada ya muda aliweza kufunga vifungo vya gauni mwenyewe asubuhi. Kidole cha shahada kilibaki kimepinda, kwa hiyo misuko midogo aliwaachia wasichana aliowafundisha, yeye akashika minene.

Binti yake, aliyekwisha olewa, aliuliza kama naye ataugua.

"Huenda, na huenda usiugue maisha yako yote," msusi alimjibu kama alivyoelezwa kliniki. "Ila sigara usiguse. Kwa wenye urithi kama wetu, moshi unazidisha hatari."

"Mimi sivuti, mama."

"Basi mumeo avutie nje," alisema, akamwita mteja aliyefuata.