Siku Zangu za Ndiva

Mstari uliotaka kunimaliza ulikuwa chini kabisa ya fomu: sahihi au dole gumba la mlezi. Fomu yenyewe ilitoka bomani Same, ikapanda mlima mkononi mwa tarishi, ikisema serikali imenichagua niende Uingereza miaka mitatu nikasomee kazi ya kufundisha walimu. Nauli juu yao, chakula juu yao, hata koti wangeninunulia wao. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya misheni, sijaolewa, na mdomo wangu ulijulikana kijiji kizima. Fomu irudi bomani ndani ya wiki mbili, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Baba yangu alikuwa ameshafariki. Mlezi wangu alikuwa baba mkubwa, kaka yake marehemu, naye ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndiva yetu. Kwa asiye wa kwetu, ndiva ni bwawa dogo tulilochimba mlimani. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, asubuhi yakafunguliwa, yakateremka kwa mifereji hadi kwenye maharage na migomba, kila nyumba kwa zamu yake. Bwawa hujaa tope, mifereji hubomoka, kwa hiyo kila baada ya muda pembe hulia alfajiri na watu hutoka na majembe kwenda msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Kila mtu mzima huitwa, akajibu "Nipo," akapimiwa kipande chake. Usipokuja, siku yako inakungoja. Siku zikizidi, nyumba yenu inafungiwa maji. Hapakuwa na cha mwalimu wala mchungaji.

Nilimpelekea fomu palepale ndivani, watu wamemaliza kazi na kukaa ukingoni. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wazungu wanatoa nauli," alisema. "Wanatoa chakula. Wanatoa na koti. Haya, siku zako za ndiva anazitoa nani?"

"Baba mkubwa, mimi naitwa kwenda kusomea kuijenga nchi, wewe unaniambia habari za tope?"

"Nchi ipi hiyo isiyo na tope?"

Watu wakacheka, nami nikawaka moto. Nilisema maneno ambayo mpaka leo nayaonea aibu, kwamba wivu ndio unaoturudisha nyuma, kwamba yeye anataka sote tuzeekee na majembe. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nililijua hata nikiwa na hasira. Miaka yote ile hakuwahi kumsamehe hata mwanawe wa kumzaa siku moja ya ndiva, na ndiyo maana watu walimwamini kwenye maji. Angenisamehe mimi, kesho angemwambia nini jirani?

Mama alikuwa amekaa pembeni akikwangua tope miguuni kwa kijiti. Mwanamke mfupi, mwembamba, ambaye ungedhani upepo wa Same ungemchukua.

"Shemeji, weka dole," alisema. "Siku zake nitalima mimi."

"Vipande viwili, shemeji? Kila pembe ikilia?"

"Kwani nimesema Kizungu?"

Baba mkubwa akachovya dole gumba kwenye wino wangu wa shule akaligandamiza kwenye ule mstari, nusu ndani nusu nje. Nilishangilia kama mwehu. Maneno ya mama niliyachukulia kuwa ya kumfunga mzee mdomo tu. Nikajiambia, nikishaondoka ukoo utasahau, nani atamchimbisha mjane vipande viwili?

Mama alinisindikiza mpaka stesheni ya Same, safari ya kuteremka tangu kiza cha alfajiri, akiwa na kikapu cha makande kichwani. Makande yale yaliniishia hata bahari sijaiona.

Uingereza nilisoma, nisiwadanganye, nilisoma hasa. Nilikuwa mweusi peke yangu darasani, na mwalimu mmoja alizoea kuniuliza maswali polepole, neno moja moja, kama anayemwita kuku. Mtihani wa kwanza nilimpa majibu yake kwa kasi, akaacha. Baridi ilinitesa, chakula hakina chumvi, lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni bomba. Unafungua, maji yanatoka. Hakuna anayekuuliza ulichimba lini. Wiki ya kwanza nilikuwa nikifungua na kufunga, nikijicheka mwenyewe.

Barua za mama ziliandikwa na mwinjilisti wa kwetu, maana mama mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika. Zilikuwa fupi kupita kiasi. Mimi nikijaza kurasa nne, jibu lilikuwa moja miaka yote mitatu: "Sisi wazima. Maji yapo. Soma." Nilikuwa nikiudhika. Mama gani huyu asiye hata na umbea?

Niliporudi walinipokea bomani kwa hotuba. Bwana mkubwa wa serikali alinishika mkono mbele ya watu, akasema mimi ni matunda ya serikali, kwamba nchi inayopata walimu wa walimu imeshaanza kusimama. Nilijisikia vizuri, kwa nini niseme uongo? Nilipanda mlima na viatu vyangu na koti langu, jua linawaka, nimekataa kulivua.

Nyumbani nililia kwa furaha na kula mpaka nikashindwa kusimama. Nilipokwenda kuweka sanduku nyuma ya mlango, nikaona jembe. Bapa lake lilikuwa limeisha, limebaki pana kama kiganja cha mtoto.

"Mama, jembe gani hili la kizamani? Si ungelitupa?"

"La kizamani wapi. Nililinunua juma ulilopanda gari moshi."

Nikakaa juu ya sanduku. Jirani yetu aliyekuja kunisalimu ndiye aliyenieleza mengine, mama akimkatiza na kumwambia anyamaze. Kwamba kila msaragambo watu wakimaliza saa sita na kurudi makwao, mama hubaki akianza kipande cha pili. Kwamba vijana walipotaka kumsaidia aliwafukuza, akisema siku ya mwanawe haigawanywi kama ugali. Kwamba hata alipougua homa alikwenda. Nilimtazama mama yangu. Mikono yake ilikuwa imekuwa mikubwa kuliko yeye. Nilitaka kupiga magoti, akaniambia nisimchafulie koti la serikali.

Siku ya tatu pembe ililia. Nililichukua lile jembe lililoisha kabla mama hajalifikia, tukaenda sote. Nikamwamkia baba mkubwa, "Shikamoo," akaitikia marahaba bila kutabasamu, akaanza kuita nyumba moja baada ya nyingine. Akafika kwetu.

"Mke wa marehemu."

"Nipo," mama akajibu.

"Na binti yake."

"Nipo!"

Tulijibu wawili kwa pamoja, mama kwa mazoea ya miaka mitatu, mimi kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Watu wakaangua kicheko mpaka wengine wakaegemea majembe. Baba mkubwa hakucheka. Alisubiri kimya kirudi, akanyoosha fimbo kwangu.

"Wote mmesikia bomani wakisema nani kamsomesha huyu. Basi na hapa msikie. Huyu hadaiwi hata siku moja." Kisha akamgeukia mama. "Shemeji, leo vipande vyenu vyote viwili ni vya mwalimu. Wewe kaa."

Mama akatazama huku na huku kama aliyepotelewa na kitu. Halafu akakaa ukingoni, akanyoosha miguu. Mimi nikavua viatu, nikashuka topeni na lile jembe la kiganja, kifua kimenijaa mpaka sioni ninapopiga.

"Inama, mwalimu," mama akapaza sauti, watu wote wasikie. "Ina maana miaka yote hiyo hawakukufundisha kushika jembe?"