Albamu Tano za Maimuna

Annastella alishuka Bukoba Jumamosi asubuhi, magoti yanamuuma. Juma zima alikuwa akipalilia kibanja chake Kamachumu, na safari hii hakuitaka. Ila Avit, mtangazaji wa redio, alimpigia simu mara nne.

"Mama, wewe ndiye uliyemwitikia Maimuna Hussein katika nyimbo zake tangu mwanzo. Nani mwingine atatupimia albamu zake?"

Studioni Avit alipiga wimbo mmoja wa kila albamu, akamwomba alama, kumi ikiwa ya juu. Ya kwanza Annastella aliipa nane. Waliirekodi kwa siku moja, katika chumba kilichozibwa kwa magodoro. Maimuna alikuwa na miaka kumi na tisa na hakujua kuogopa. Ya pili akaipa tisa. Ya tatu ikaanza na ngoma za kompyuta.

"Hii iliuzwa kuliko zote," Avit alisema.

"Najua. Ipe nne. Sauti imepakwa rangi mpaka humjui mwenyewe."

Simu zikamiminika. Mwanamke mmoja wa Muleba alifoka, "Huyo mama ana wivu! Si ndiyo albamu aliyoachwa?"

Ni kweli, aliachwa. Maimuna alikwenda Dar es Salaam akapata waitikiaji wengine, na Annastella akarudi kufundisha kwaya ya kigango. Wivu alikuwa nao, wa kumkosesha usingizi. Lakini wivu nao unataka nguvu, na yeye nguvu zake zilikwisha zamani.

"Nilikuwa nao," alijibu. "Alama ni ile ile."

Ya nne alikataa kuipima. Maimuna aliirekodi mwezi aliomzika mama yake, nyimbo zote za harusi. "Mtu akiimba vile kwa sababu mkataba unamdai, unampa ngapi?"

Ya tano ilikuwa ya mwaka huu, na Annastella hakuwahi kuisikia. Gitaa moja tu. Sauti ya Maimuna ilikuwa imeshuka, ina mikwaruzo. Pale alipokuwa akipanda zamani, sasa alipumzika. Annastella alifumba macho. Alipokuja kushtuka, alikuwa akiitikia kwa chini, kipaza sauti kikiwa wazi, na Avit hakukizima.

Kipindi kilipokwisha, Avit alimpa simu yake. Alikuwa Maimuna.

"Dada, ile ya tatu umeionea."

"Sikuionea, waitu," Annastella alijibu kwa upole wa Kihaya.



"Mimi ningeipa tatu," Maimuna alisema, wakacheka wote wawili, kicheko kifupi cha watu wenye umri. Kisha akasema, "Niliacha nafasi ya kuitikia katika ile mpya. Nilitaka kukupigia. Nikaona aibu."

"Nimechoka, Maimuna. Hata kifua hakinipi pumzi."

"Mimi je?"

Annastella aliegemea ukuta wa korido. Nje wachuuzi wa senene wa kukaanga walikuwa wakiita wateja.

"Basi njoo wewe Kamachumu," alisema hatimaye. "Mimi Dar siendi."

Maimuna alikuja baada ya wiki tatu. Waliimba nyimbo mbili wakiwa wameketi, na kila baada ya beti mbili walipumzika.