Jumapili ya Ukoko Mjini Mzuzu

Mama alipozidiwa hakutaka kupelekwa popote. Alitaka kumwona Kaka Ambakisye, basi. Kaka yangu huyo alihamia Mzuzu, Malawi, baada ya kugombana na baba juu ya shamba la kakao, na hata baba alipofariki hakuja kuzika. Simu zetu hapokei. Nikatumwa mimi.

Mama alinifungia mchele aliouchambua mwenyewe akiwa kitandani. "Upike wewe, kwa mkaa," akaniambia. "Uache wali ushike chini. Akiugombea ukoko, atakuja." Utotoni kaka hakumwachia mtu ukoko. Tulizabana makofi kwa ajili ya sufuria.

Asubuhi niliondoka kwetu Ipyana, Kyela, na pale mpakani Kasumulu nikavuka daraja la Songwe kwa miguu, mfuko kichwani. Ng'ambo, ofisa wa mpakani akanisalimu, "Ugonile?" Nikacheka. Nimetoka nje ya nchi na bado naulizwa kwa lugha ya nyumbani nimelalaje! Kicheko changu cha safari nzima kiliishia hapo. Baada ya Karonga ziwa lilikaa kushoto kwetu, lile lile la kwetu, kisha basi likapanda milima, ziwa likapotea na baridi ikaingia.

Jioni, stendi ya Mzuzu, kaka alinipokea. Mvi zimemjaa. Alinishika mkono kwa adabu, kama watu wanavyompokea mgeni wa kanisani. Nilipomtaja mama, akanikatiza.

"Umechoka. Kesho Jumapili, pumzika."

Kulipokucha kulikuwa na manyunyu. Wifi na watoto walikwenda kanisani, maduka yamefungwa, barabara tupu. Nilikaa kibarazani nimejifunika koti la kaka, nikitazama mabati ya watu na misonobari. Kupumzika mimi sijui. Mikono ikikosa kazi, mawazo yanaishika. Nilimwona mama amegeukia mlangoni, kila hatua ya mtu uani akidhani ni yetu.

Mchana niliwasha jiko. Harufu ya mchele wa Kyela ikajaa nyumba, na kaka, aliyekuwa amejifungia chumbani tangu asubuhi, akatoka. Akala, akaongeza.

"Mama anataka kukuona," nikasema.

"Baba sikumzika. Leo niingie ua ule kwa uso gani?"

"Mama hajauliza habari ya uso, kaka."

"Watu watauliza."

Nikaivuta sufuria, nikakwangua kwa kelele makusudi, nikisubiri mkono wake. Akainyakua kweli. Nikajua atakuja. Akakwangua ukoko wote, vipande vikubwa vya kahawia, akaumimina kwenye sahani yangu.

"Kula wewe, mdogo wangu."

Nilikula. Ulikuwa mtamu. Nilimchukia, nikamwonea huruma, vyote kwa wakati mmoja, na sikumbembeleza tena. Mpaka watu wa kanisani waliporudi tulikuwa bado tumekaa pale, kila mtu na mvua yake.

Jumatatu alinisindikiza stendi. Akanipa blanketi zito la mama, akaondoka kabla basi halijatoka.

Njia ya kurudi niliiona fupi, maana sikutaka kufika. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kukulisha na kukulaza pazuri, na kumbe muda wote anakuaga. Toka mpakani nilijipangia uongo: kaka ana kazi nyingi, atakuja mavuno yakiisha.

Mama hakuuliza habari za kazi.

"Wali ulishika chini?"

"Ulishika, mama."

"Nani alikula ukoko?"

Uongo wangu wote haukuwa na jibu la swali hilo.

"Alinipa mimi."

Akageuza uso kutoka mlangoni, akatazama ukuta.

"Basi haji," akasema. Kisha akaniomba nimfunike lile blanketi, na Kyela siku hiyo kulikuwa na joto la kutoa jasho.