Mfungo wa Shangazi

Shangazi yangu alimpenda Mungu kwa sauti. Majirani wote wa mtaa wetu wa Mutanga Nord walijua saa anayoamka kuomba, maana alihakikisha wanaamka naye. Kwenye kikundi cha maombi yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, na mtu akiugua nyumbani kwa mmoja wao, yeye ndiye aliyetangaza mfungo. Siku tatu jiko la makaa haliwashwi, na hakuna anayeonja kitu mpaka Bwana ajibu.

Safari hiyo mgonjwa alikuwa mama yake mzazi, bibi yangu, mifupa mitupu juu ya godoro. Daktari alikuwa amesema ale kidogo kidogo, mara kwa mara. Nilipomkumbusha shangazi, akanijibu kwamba daktari haombi.

Siku ya pili Bibi aliomba uji. Nikawasha makaa. Shangazi akayamwagia maji mbele ya macho yangu, akaniuliza kama nataka kuua muujiza. Nikatoka na hasira zangu mpaka kwa jirani, mama mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa, nikamweleza yote. Maskini, hakuuliza kitu. Alipika uji wa mtama, akautia kwenye termosi, akauleta mwenyewe. Shangazi akampokea getini kwa tabasamu na baraka nyingi, akamshukuru, akafunga geti, kisha akaumwaga wote mtaroni, moto moto. Eti uji wa wasiomjua Yesu utaharibu maombi. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wamemwona yeye.

Dirisha la Bibi lilikuwa wazi, na harufu ya uji ilimfikia.

"Mi sijafunga, mutoto wangu," akamwambia bintiye taratibu alipoingia chumbani. "Mi niko na njaa."

Shangazi akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kukemea pepo wa njaa. Hakubanduka pale tena, wala hakuniruhusu kusogea. Nilimchukia mwanamke yule, na sijaacha. Siku ya tatu haikuisha, Bibi akakata roho.

Kanisani, mbele ya jeneza, shangazi alishuhudia kwamba mama yake ameondoka kama shujaa, akiwa amefunga. Watu wakaitika amina. Akaendelea, nao wakaendelea kuitika, wengine wamefumba macho. Nikashindwa kuvumilia, nikasimama.

"Bibi hakufunga," nikasema. "Aliomba uji, akanyimwa, akafa na njaa."

"Amina," kanisa zima likaitika.