Kadi Imeshafutwa, Sauti ya Marehemu Haionekani

Saa mbili asubuhi mvua inapiga bati, na kidole cha Siham kiko juu ya kipanya. Kwenye kioo cha kompyuta kuna neno moja: Ondoa. Akibofya, programu ya sauti itatoka, aiweke upya.

"Bonyeza tu, dada Siham," anasema Hezron, fundi cherehani wa mlango wa pili. "Ikigoma unaitoa, unaweka nyingine."

Siham habonyezi.

Juzi Tulinagwe, mkulima wa viazi huko Kinyala, alimletea kadi ya memori ya simu yenye sauti ya marehemu mama yake. Aliomba kelele za upepo zipunguzwe, kisha ajaziwe nyimbo za kwaya. Siham akafanya kama afanyavyo kila siku katika duka lake la kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu: akasafisha sauti, akahifadhi kwenye kompyuta, akafuta kadi, akajaza kwaya. Sauti yenyewe Tulinagwe angeifuata leo.

Leo folda ya wateja haina kitu. Akiiagiza programu iifungue folda hiyo, inajibu: huna ruhusa.

"Nimemzika yule mama mara ya pili," anasema, machozi yakimlenga.

Babu yake alitoka Pangani kuuza vitambaa. Yeye anauza huduma za kompyuta, na siku njema humwachia shilingi elfu kumi na tano. Alihamia mfumo wa Linux baada ya virusi kutoka kwenye flashi za wateja kumlia kila kitu. Programu hii aliipakua wiki iliyopita. Ni ya aina inayofungiwa ndani ya chumba chake, haigusi folda nyingine mpaka iruhusiwe. Ulinzi mzuri, ila hakuna aliyemwambia.

Anampigia Obed, fundi wa kompyuta aliyeko Mbeya.

"Usiitoe!" Obed anapaza sauti. "Mpangaji ukimfukuza anaondoka na vyombo vyake. Ilinyimwa folda yako, ikahifadhi kwake. Fungua mafaili yaliyofichwa, tafuta jina la programu."

Folda ipo. Ndani yake kuna faili moja. Siham hathubutu kulifungua.

Hapo hapo Tulinagwe anaingia, khanga imelowa kichwani.

"Mama yupo?"

Siham analibofya faili.

Inatoka sauti ya kizee, safi, haina upepo: "Tulinagwe, funga mlango, baridi inaingia."

Tulinagwe anageuka, anausukuma mlango wa duka. Anabaki ameuegemea, analia.

Siham naye analia, na anamweleza yote. Sasa anataka kununua diski ya pili ya kuwekea nakala kabla msimu wa viazi haujaisha. "Na kadi ya mtu siifuti tena mpaka mwenyewe asikilize," anaapa.

Tulinagwe anaweka kadi mezani. "Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Hizi kwaya zitoe zote. Mama akae peke yake."

Siham ananakili sauti ile mara mbili, mahali pawili. Kisha anachomeka kadi ya kwaya; neno Futa linajitokeza, na kidole kinasita tena. Anamsogezea Tulinagwe kipanya upande wa pili wa meza.

"Bonyeza wewe, mama."